Seva Mbili Juu ya Meza Moja

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Syombua Maingi alitia saini barua ya onyo aliyoandikiwa. Saa ipo pembeni mwa jina lake, kwa mwandiko wake mwenyewe na kwa kalamu ya buluu, maana ndivyo anavyotia saini kila karatasi inayopita mikononi mwake.

Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kati ya Juni 2024 na Januari 2025, picha sitini na tatu za vinyago vya wanachama ziliondolewa kwenye katalogi ya Chama cha Ushirika cha Wachongaji cha Kyeni, au mahali pake pakawekwa picha nyingine, na kwamba karani wa katalogi ni yeye. Ya pili ilimtaka afike mbele ya kamati Jumatatu tarehe 3 Machi aeleze zilikokwenda. Akishindwa, kazi yake ya miaka kumi na saba ingeishia hapo.

Syombua hakuwa na la kueleza. Picha alizipiga. Alizipa majina, akazihifadhi, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani. Asubuhi hazikuwepo, au jina lilikuwepo na picha ilikuwa ya kinyago kingine. Alipoulizwa na meneja alijibu hivyo hivyo, na hata yeye alisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa baya.

Ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Kaloleni, katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, binti wa karani wa reli aliyekuwa akirudisha gazeti la jana kwa jirani likiwa limekunjwa kama lilivyokuja. Alisomea uhazili katika chuo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Leo anaishi Njiru na mumewe, Maingi, dereva wa basi la shule, na watoto wawili, Mwende na mdogo wake. Majirani humtania kwamba nguo zake huanikwa kwa ukubwa, kutoka shuka hadi soksi, na kwamba mvua ikinyesha huzianua kwa mpangilio uleule. Hakatai.

Ofisi ya chama iko Donholm, katika uwanja wenye ukuta wa mawe nyuma ya Outer Ring Road. Mbele kuna chumba cha maonyesho, katikati ofisi, na nyuma kibanda kirefu cha mabati ambamo wachongaji hukaa chini na tezo zao, miguu imenyooshwa, magogo ya jakaranda na mhuhu yakiwa katikati ya magoti. Kinyago kikishapigwa msasa na kupakwa rangi ya viatu, huandikwa namba chini ya tumbo au nyayo. Namba ndiyo humtambulisha mchongaji. Mnunuzi wa ng'ambo hajui jina la mtu. Hutazama katalogi, huona twiga, huona 217, na huagiza twiga wengine kumi na wawili wa 217. Mchongaji ambaye picha zake hazimo kwenye katalogi ni kama hajachonga.

Kuhusu namba kuna jambo ambalo kila mtu chamani analijua na ambalo halijaandikwa popote. Namba ni ya nyumba. Mchongaji akifa, haipewi mtu mwingine, hubaki kwa mjane na watoto, na yeyote kati yao anayeshika tezo huandika namba ileile ya baba. Ndolo, aliyekuwa 217, alifariki mwaka 2019. Tangu hapo, 217 huandikwa na bintiye Mutheu na mwanawe Musembi. Twiga wa Mutheu husimama wima na shingo zao ni nyembamba. Wa Musembi huinamisha shingo kama wanaokunywa maji. Anayewajua hawezi kuwachanganya.

Picha ya kwanza ilipotea Juni 2024. Syombua anakumbuka kwa sababu ameandika. Jumanne tarehe 11 Juni alipiga picha ya twiga wa Mutheu, mrefu wa futi mbili, akaipa jina kama anavyozipa zote, yaani namba ya nyumba, mnyama au kitu, na hesabu inayofuata katika folda: 217-twiga-112. Jumatano asubuhi, siku ambayo katalogi hutumwa kwa wanunuzi, alifungua 217-twiga-112 akamkuta twiga aliyeinama.

Alikaa akimtazama. Alifikiri amekosea yeye. Alifungua daftari lake la picha, mahali alipoandika: Mutheu, jakaranda, wima. Akamtazama tena yule twiga. Hakuwa wima.

Wiki iliyofuata ilitokea tena, mara mbili. Mwezi wa Julai alikwenda kupimwa macho kwenye kliniki iliyo karibu na kituo cha mafuta, akaambiwa anahitaji miwani ya kusomea. Akainunua. Picha zikaendelea kubadilika, ila sasa aliziona vizuri zaidi. Mwezi wa Septemba aliacha chai ya rangi, kwa ushauri wa mwanamke mmoja wa kwaya aliyesema majani yanachokoza kichwa. Mumewe alimsikiliza jioni moja hadi mwisho, kijiko mkononi.

"Kwa hivyo ukienda kulala twiga anainama," Maingi alisema.

"Ndiyo."

"Na akiinama anabadilisha mbao."

"Huyu wa pili ni wa mhuhu. Ndiyo."

"Mama Mwende, hata mimi nimeendesha watoto sitini kwa miaka tisa. Nikianza kuwaona wakibadilika rangi nitaomba likizo."

Syombua hakuomba likizo. Aliongeza daftari la pili. Katika la pili aliandika saa aliyohifadhi kila picha na saa aliyoifungua tena kuhakikisha ipo, kabla ya kuondoka saa kumi na moja. Zilikuwepo zote, kila siku. Asubuhi baadhi zilikuwa zimekwenda. Kuna wakati alianza kumshuku mlinzi, mtu ambaye hajui kuwasha kompyuta.

Daftari hizo ndizo zilizomletea barua. Mutheu alipopeleka malalamiko kwa kamati mwezi wa Januari, kwamba kwa miezi minane maagizo yote ya 217 ni ya twiga walioinama, kamati iliomba daftari za Syombua na kuzilinganisha na katalogi. Daftari zilionyesha kwamba picha sitini na tatu zilipigwa, zikahifadhiwa, zikahakikishwa. Katalogi haikuwa nazo. Kamati ilikata shauri kwa njia rahisi: mtu wa mwisho kuziona ni huyo aliyeandika kwamba ameziona.

Mutheu hakuficha alichofikiri. Siku ile ya barua alisimama mlangoni mwa ofisi na vumbi la msasa kwenye nyusi.

"Mama Mwende, Musembi alikupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Basi alikuomba vizuri. Mimi sikujua ni ya kuombwa. Ningekuomba."

Syombua alitaka kumwonyesha daftari. Mutheu alikuwa amesharudi kibandani. Kwa wiki mbili na nusu zilizofuata wanawake wa kibanda walimsalimia kwa adabu iliyozidi, na hakuna aliyemtania.

Ili kuelewa kilichotokea Alhamisi tarehe 27 Februari, inabidi kurudi kwenye karakana ya pili. Chama kilikuwa na karakana Njiru, mbali kidogo na barabara ya Kangundo, tangu mwaka 2016. Karani wake alikuwa Abdiqani Awale, kijana wakati ule, mtoto wa familia ya wauza mazulia, ambaye Syombua alimfundisha kazi kwa siku tatu. Kwa sababu kulikuwa na ofisi mbili, fundi wa wakati huo aliweka seva mbili, moja kila mahali, na akaweka huduma ya kurudufu faili kati yake: chochote kinachowekwa Njiru hunakiliwa Donholm, na cha Donholm hunakiliwa Njiru, ili folda mbili zifanane. Mtandao wa Njiru ulikuwa mwepesi wa kukatika, kwa hiyo aliipangia huduma ifanye kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati hakuna anayeuhitaji. Kisha fundi huyo akapata kazi Kigali. Hakuacha maandishi.

Juni 2024 kibanda cha Donholm kilijaa, na kamati ikawahamishia Njiru wachongaji wanaume walio chini ya miaka arobaini. Musembi alikuwa mmoja wao. Desemba, mwenye kiwanja cha Njiru alimuuzia mjenzi wa maghorofa. Wachongaji wakarudi Donholm na magogo yao, Abdiqani akarudi na masanduku yake ya katoni, na seva ya Njiru ikaletwa ikiwa imefungwa kwa blanketi. Ikawekwa mahali palipokuwa na nafasi: juu ya meza ileile ya seva ya Donholm, kiganja kimoja katikati. Ikaunganishwa kama ilivyokuwa. Abdiqani akaendelea kuhifadhi kazi zake katika seva aliyoizoea na Syombua katika yake.

Fundi mpya, Kiarie, aliitwa mwezi wa Februari kwa sababu seva zote mbili zilikuwa zimejaa. Ni kijana wa Umoja anayehudumia ofisi kadhaa kwa mkataba na hutembea na begi moja la mgongoni. Alichunguza kwa nusu saa, kisha akaita wafanyakazi wote ofisini, kila mmoja na kikombe chake.

"Niaje wadau. Hizi mashini mbili ziko hapa, zinatazamana," alisema, akizionyesha kwa kalamu. "Kila usiku huyu anamwambia yule kila kitu alichosikia mchana. Na yule anamwambia huyu. Walikuwa mbali, sawa. Sai wanakaa meza moja. Hii huduma ni ya nini?"

Hakuna aliyejua. Mhasibu alisema labda ni ya usalama. Bi. Nangila, meneja, mwanamke wa Bungoma ambaye hupenda maswali yenye jibu, alimgeukia Syombua. Syombua akasema hajawahi kusikia kwamba kuna huduma. Abdiqani akasema yeye huhifadhi tu.

"Kuna mtu ataumia nikiitoa?" Kiarie akauliza.

Walitazamana. Mtu mmoja akasema kitu ambacho hakijulikani hakiwezi kuumiza mtu.

"Basi Thursday inatoka," Kiarie akasema. "Tunabaki na seva moja. Hiyo ingine mtauza ama mtaweka maua juu yake."

Alhamisi alifika saa tatu. Kazi yenyewe, alieleza baadaye, si ngumu lakini ina mpangilio wake. Mtu akifuta faili upande mmoja kabla ya kuzima huduma, huduma itazifuta na upande wa pili, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, kufananisha. Kwa hiyo alianza kwa kulinganisha folda mbili. Zililingana. Alinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Akazima huduma kwenye seva ya Njiru, akaizima kwenye ya Donholm, akasubiri, akahakikisha kwamba kila upande umeelewa, kisha akaiondoa kabisa. Kufikia saa sita Abdiqani alikuwa akihifadhi kwenye seva ya Donholm, kama Syombua. Kilichobaki ni kufagia.

Huduma ya namna hiyo ikiondoka huacha nyuma folda zake za kazi, zilizofichwa ili watu wa kawaida wasizione. Kiarie huzifuta ili kurudisha nafasi. Alizifungua kuangalia ukubwa wake, na katika seva ya Donholm akakuta moja imejaa faili zenye majina marefu ya herufi na tarakimu ndani ya mabano. Alikuwa ameshazichagua zote. Syombua alikuwa akipita nyuma yake na chai, ya rangi, kwa sababu alikuwa ameirudia. Kioo cha kompyuta kilionyesha vipicha vidogo vidogo.

"Hiyo shuka," Syombua alisema.

"Shuka gani, mathe?"

"Ya kahawia. Nyuma ya huyo twiga. Hiyo ni shuka yangu."

Yeye hupiga picha zake zote mbele ya shuka ya kahawia iliyobanwa kwa vibanio vinne. Abdiqani hutumia ukuta. Kiarie aliondoa kidole kwenye kitufe.

Walizifungua moja moja. Twiga wima, shingo nyembamba, jakaranda. Kiboko wa nyumba ya 88. Vijiko vya saladi vya 140, viwili viwili. Syombua alivuta kiti akakaa. Akauliza nani aliziweka huko.

"Hakuna mtu."

"Kiarie, hazikutembea."

"Huduma iliziweka. Iko hivi. Usiku inakuta faili mbili, jina moja, moja huku, moja kule. Haiwezi kuweka zote mbili, jina ni moja. Inachagua. Ile iliyotengenezwa mapema inabaki. Ile ingine inaiweka huku ndani, kwa siri, inaipa jina refu ndio isigongane na kitu."

"Na haimwambii mtu?"

"Inaandika mahali. Lakini ni mahali hakuna mtu husoma."

Syombua alisema haiwezekani, kwa sababu majina ya faili zake hayawezi kufanana na ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeubuni utaratibu wake. Unatazama hesabu ya mwisho kwenye folda, unaongeza moja.

Abdiqani, aliyekuwa dirishani, aligeuka.

"Dada, mimi pia hutazama ya mwisho naongeza moja," alisema. "Si ulinifundisha?"

Ilichukua muda kwa jambo hilo kuwaingia wote watatu, na hata hivyo halikuwaingia kwa kiasi kimoja. Kiarie aliomba karatasi akachora masanduku mawili. Jumanne asubuhi kila sanduku lina 217-twiga-111. Jumanne ndiyo siku ambayo wachongaji wa pande zote mbili huleta kazi, kwa sababu katalogi hutoka Jumatano. Syombua anaona 111, anaandika 112. Abdiqani, maili kadhaa kutoka hapo, anaona 111, anaandika 112. Hakuna anayeona ya mwenzake hadi usiku. Usiku ni moja tu inayobaki.

"Lakini mbona ni zangu tu?" Syombua aliuliza. "Zake hazijapotea hata moja."

Kiarie alimtazama Abdiqani. "Wewe unahifadhi saa ngapi?"

"Nikifika tu. Saa mbili nimemaliza. Nikichelewa wachongaji wanaleta stori."

"Na wewe, mathe?"

Syombua hupiga picha asubuhi, wakati mwanga wa kibandani ni mzuri. Huzipa majina na kuzihifadhi baada ya chakula cha mchana, zote kwa pamoja, kwa sababu hapendi kuikatiza kazi moja kwa nyingine. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na saba. Aliwaambia. Kiarie aliandika saa mbili kwenye sanduku moja na saa nane kwenye la pili, na hakuwa na haja ya kusema zaidi, ingawa Abdiqani aliomba aelezewe mara nyingine, kuanzia kwenye masanduku.

"Kitu mimi sielewi," Kiarie alisema, "ni mbona watu wawili wako na namba moja. Wapeeni namba mbili. Hii kitu yote haingekuwa."

"Namba ni ya nyumba," Syombua alisema.

"Eeh, lakini si mnaweza kugawa?"

"Nenda kwa mama yao umwambie. Mwambie mmoja wa watoto wake si wa Ndolo tena. Sisi tutakungoja hapa."

Kiarie alisema atabaki na seva.

Nyumba zilizokuwa na watu pande zote mbili zilikuwa tatu tu, 217, 88 na 140, na picha zote sitini na tatu zilikuwa za nyumba hizo. Kwenye folda iliyofichwa zilipatikana arobaini na moja. Folda hiyo ina kikomo, Kiarie alieleza. Ikijaa, hutupa za zamani. Zilizobaki ishirini na mbili zilikuwa zimetupwa, au hazikuwahi kuwa humo. Kwa kutazama peke yake mtu hawezi kujua.

Hapo Abdiqani alikwenda stoo. Daftari lake la Njiru lilikuwa bado ndani ya katoni, chini ya birika na mswaki wa kusafishia patasi, kwa sababu tangu Desemba hakuna aliyemuuliza habari zake. Waliliweka kando ya la Syombua, wakafuata tarehe kwa vidole. Jumanne ya 11 Juni, madaftari yote mawili yalisema 217-twiga-112. Jumanne iliyofuata, 113 na 114, yote mawili. Mwandiko wake na mwandiko wa Abdiqani, mistari miwili, jina moja. Kati ya zile ishirini na mbili, kumi na tisa zilikuwa na ndugu zake katika daftari la Abdiqani.

Tatu hazikuwa. Zote ni za nyumba ya 140, za Januari, wakati seva zilikuwa tayari meza moja. Syombua anazo katika daftari lake na saa alizohifadhi. Abdiqani siku hizo hakuandika kitu, kwa sababu alikuwa akipanga rafu. Kiarie alitazama kila mahali alipojua kutazama.

"Hizo sijui," alisema.

Saa tisa walimwita Bi. Nangila. Kiarie alieleza kwa masanduku. Alieleza tena kwa vikombe viwili na kifuniko kimoja. Bi. Nangila alisikiliza akiwa amesimama.

"Sawa. Kwa hivyo aliyezifuta ni nani?"

"Hakuna, madam."

"Picha sitini na tatu."

"Arobaini na moja hazijafutwa hata. Ziko hapa."

"Lakini zilitoka kwenye katalogi. Kuna mtu alizitoa."

"Huduma ilizitoa."

"Ile ambayo umeitoa leo."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo Jumatatu nikiwaambia kamati ni huduma, wakitaka kuiona, nitawaonyesha nini?"

Kiarie alisema angeweza kuandika ripoti. Bi. Nangila alisema aandike ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo mchongaji wa miaka sabini ataelewa, na asitumie masanduku. Kisha akamuuliza Syombua swali ambalo hakuna mwingine alikuwa amelifikia.

"Huu mtindo wa kuongeza moja. Ni wa nani?"

"Ni wangu," Syombua alisema.

"Kuna mahali umeandikwa kwamba ni wako?"

Haukuandikwa. Katika mwaka 2016 alimwonyesha Abdiqani kwa mdomo, wakiwa wamekaa kwenye meza moja, na ni watu wawili tu waliojua. Bi. Nangila alitazama tena karatasi ya masanduku. Alisema kwamba kamati inataka kujua zilikokwenda picha, haijauliza majina ya faili yalibuniwa na nani, na kwamba mtu hujibu alichoulizwa. Akarudi ofisini kwake.

Mutheu aliitwa kutoka kibandani kuziona. Alijipangusa mikono kwenye leso, akainama mbele ya kompyuta. Syombua alimpitishia moja moja, ishirini na saba za 217. Mutheu alizitambua zote, hata ile ambayo sikio la twiga lilivunjika baadaye na kubandikwa.

"Kwa hivyo kompyuta ilimpenda Musembi," alisema mwishowe.

"Haikumpenda. Abdiqani hufika mapema."

"Na wewe unakula kwanza."

"Na mimi nakula kwanza."

Mutheu alifikiri. "Miezi minane," alisema. "Musembi amejenga choo kwa hizo twiga. Sasa mimi nitamdai nani? Huyu fundi ametoa mshtakiwa."

Hakuomba radhi kwa maneno aliyoyasema mlangoni, na Syombua hakuyataja. Aliuliza tu kama Jumatatu mtu yeyote anaweza kuzungumza mbele ya kamati au ni mwenye barua peke yake. Hakuna aliyejua hilo pia.

Ijumaa Kiarie alileta ripoti yake. Ilikuwa ukurasa mmoja, bila masanduku, na Syombua aliisoma mara tatu. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Zikiwekwa pamoja, anasema, hazikumweleza mtu asiyekuwepo jambo lolote. Ilisema kwamba huduma isiyohitajika imeondolewa na kwamba mgongano wa majina hautatokea tena. Haikusema majina yalitoka wapi.

Aliketi mezani kwake akaandika maelezo yake mwenyewe kwa mkono. Yana kurasa mbili. Ya kwanza ina jedwali la picha sitini na tatu: arobaini na moja zilizopatikana, kumi na tisa zilizo katika madaftari mawili, na tatu ambazo karibu nazo ameandika "sijui". Ya pili inaanza hivi: "Utaratibu wa kuzipa picha majina niliuanzisha mimi, na nilimfundisha Abdiqani Awale mwaka 2016." Abdiqani aliposoma mstari huo alimwomba aliondoe jina lake. Syombua aliliondoa, akaandika upya ukurasa mzima ili kusiwe na alama ya kufuta. Mstari wenyewe aliuacha. Bi. Nangila alipokea kurasa hizo, akasoma ya pili, akamuuliza kama ana hakika. Alisema hana hakika na mengi katika jambo hili, lakini hilo analijua.

Maingi alimuuliza nyumbani kama sasa wamemaliza, maana fundi ameshapata zilikokuwa. Alimwambia hajui. Kamati ina watu saba. Watatu kati yao ni wa nyumba ambamo watoto wawili huandika namba moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona seva.

Kikao kitaanza Jumatatu saa tatu asubuhi, katika chumba cha maonyesho. Syombua ameambiwa afike saa mbili na nusu na asubiri nje hadi aitwe. Kiarie hatakuwepo, ana kazi Embakasi. Abdiqani atatoa ushahidi wa daftari lake. Uamuzi utatolewa siku hiyohiyo, kwa kupiga kura.